Moto ule ule, maji yale yale

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa chuma na shaba mbele ya familia zilizohama, familia za mapokezi na viongozi wa vijiji vya mpaka wa Masisi na Walikale. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Jina lake, kabila lake na mahali anapofanyia kazi tumeviacha kwa ombi lake mwenyewe. Mwishoni mtakuta maswali ya kuzungumza pamoja.

  Mimi si mtu wa mikutano. Mimi ni mtu wa nyundo. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyojifunza kazi ya kufua chuma na kutengeneza pete na bangili, na kazi hiyo ina uhusiano gani na amani. Nitaeleza. Lakini ndani ya maelezo hayo kuna jambo moja langu ambalo nililificha kwa miaka mingi, na leo nitalisema. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwa mjomba

Nilizaliwa mwaka 1974. Baba yangu ni mtu wa upande wa Masisi, mama yangu ametoka upande wa Walikale. Nilipofika miaka kumi na miwili, baba aliona kwamba karo ya shule imemshinda, akanituma kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa mfua chuma.

Ninyi wa Walikale mnajua kwamba kumpeleka mtoto kwa mjomba mfua chuma si jambo jipya. Liko katika hadithi ya Mwindo, ambayo wazee wa Banyanga walikuwa wakiisimulia na kuiimba usiku. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke aliisimulia kwa mtaalamu Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ilitoka katika kitabu ambacho Biebuyck alikitayarisha pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo alikataliwa na baba yake, mwami Shemwindo wa Tubondo, aliyesema hataki mtoto wa kiume. Akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Shangazi yake Iyangura akamtoa. Kisha Mwindo akaenda kwa wajomba zake, wafua chuma, nao wakamvika chuma mwili mzima kabla hajarudi kupigana na baba yake. Nitairudia hadithi hii baadaye, kwa sababu watu wengi wanakumbuka mavazi ya chuma na kusahau mwisho wake.

Kwa mjomba sikushika nyundo mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa mivukuto na makala. Mivukuto yetu ilikuwa mabakuli mawili ya mti yaliyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila moja na fimbo yake. Unapanda na kushuka kwa mikono miwili, moja juu, moja chini, bila kusimama. Ukivuta haraka kupita kiasi chuma kinaungua na kutoa cheche. Ukilegea kinapoa, na fundi amepoteza makala bure. Mjomba hakunieleza kwa maneno. Alikuwa akisema tu, "Angalia rangi." Nyekundu ya giza, nyekundu ya wazi, rangi ya chungwa, manjano. Nilijifunza kusoma moto kama wenzangu walivyokuwa wakisoma kitabu shuleni.

Mwaka wa pili nilipewa kushika koleo. Mwaka wa tatu nyundo. Chuma chetu kilitoka katika resori za malori yaliyokufa barabarani, kwa sababu hicho ni chuma kigumu kinachofaa kwa panga na jembe. Jembe langu la kwanza zuri mjomba hakuniruhusu kuliuza. Alisema jembe la kwanza anapewa mama. Nikatembea siku mbili kumpelekea, na mama alilitumia mpaka likabaki dogo kama kijiko.

Na kulikuwa na sheria moja. Mtu yeyote akija na jembe lililovunjika, anahudumiwa kwa zamu yake, awe wa lugha gani. Mjomba alisema, "Chuma hakiulizi kabila, na tumbo pia haliulizi." Siku ya soko ungekuta mbele ya kiwanda chetu watu wanaosalimiana kwa lugha tatu au nne.

Bunduki ya usiku

Mwezi wa Machi 1993 vita vilianza. Mnajua kwamba moto uliwaka kwenye soko la Ntoto, ukaenea Masisi, na watu wengi sana wakafa au wakakimbia. Sitasema nani alianza. Katika mkutano huu tuko watoto wa kila upande wa vita hivyo, na kila mmoja wetu ana makaburi yake.

Siku hizo vijana watatu walikuja kwa mjomba na bunduki isiyofanya kazi. Kipande kidogo cha ndani kilikuwa kimevunjika, kirefu kama nusu ya kidole. Walimwomba mjomba atengeneze kingine. Mjomba alisema, "Hapa tunatengeneza majembe." Wakamtisha. Akaendelea kupiga nyundo. Wakaondoka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Usiku mmoja wao, niliyecheza naye mpira, akaja dirishani kwangu. Akasema mjomba amezeeka na ni mwoga, na kwamba mimi ndiye fundi wa kweli. Ndugu zangu, nataka niseme ukweli wote. Niliogopa, ndiyo. Lakini si woga peke yake ulionifanya nikubali. Nilifurahi kuitwa fundi wa kweli. Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo. Nikawasha moto mjomba akiwa amelala, nikatengeneza kile kipande kwa ncha ya tupa iliyovunjika. Kilikuwa kazi nzuri. Nilijivunia.

Baada ya siku nne, kijiji kilicho ng'ambo ya mto kiliungua. Je, bunduki ile ilikuwa huko? Mpaka leo sijui. Kama ningejua kwamba haikuwapo, ningelala. Kama ningejua kwamba ilikuwapo, ningelia na kutubu. Kutokujua ndiyo adhabu yangu. Nilichojua ni kwamba watu wa kijiji kile walikuwa wateja wetu. Majembe yaliyobaki katika majivu yale yalikuwa majembe yetu.

Tukakimbia. Kashebere, Nyabiondo, Masisi, Sake, mpaka Goma. Mjomba alifia njiani kwa ugonjwa. Alijua nilichofanya, kwa maana aliiona tupa imepungua. Hakuniuliza hata mara moja.

Sonara wa Goma

Hapa Goma, nilikaa miaka nikibeba mizigo na kutengeneza vyuma vya chukudu. Ndipo nikapata mzee mmoja sonara, mwenye chumba kidogo karibu na soko, aliyekuwa akitengeneza pete, hereni na bangili. Alihitaji mtu wa kuvuta nyaya, kazi inayotaka nguvu. Yeye alikuwa mtu wa upande ule mwingine. Niliposema nimetoka wapi, alinitazama kidogo, kisha akasema, "Njoo kesho, na uoge."

Nilidhani najua chuma, kwa hiyo najua kila kitu. Siku ya kwanza alinipa kipande cha shaba nyekundu nikifanye bangili. Nikakipiga. Kwanza shaba ni laini kama ugali, lakini kadiri unavyoipiga inakuwa ngumu, na ukiendelea inapasuka. Ya kwangu ikapasuka. Ya pili ikapasuka. Nikasema shaba hii ni mbovu. Mzee akacheka. Akachukua ya tatu, akaiweka katika kivuli ili aione rangi vizuri, akaipasha moto mpaka nyekundu ya giza, akaitia ghafla ndani ya maji.

Nikapiga kelele, "Papa, utaiharibu!" Kwa maana kwa mjomba nilijifunza kwamba chuma kizuri cha resori, ukikipasha mpaka chekundu cha wazi na kukitia majini, kinakuwa kigumu kama kioo, na ukikiangusha kinavunjika. Mzee akanipa ile shaba. Ilikuwa imelainika. Niliikunja kwa vidole.

Akaniambia, "Moto ule ule, maji yale yale. Shaba inalainika, chuma kinakuwa kigumu. Kwanza ujue unashika nini, ndipo upige."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo nililokuja kuwaletea leo. Sisi wote tulipitia moto mmoja. Tulikimbia katika mvua moja, tulikaa chini ya turubai moja. Lakini hatukutoka sawa. Kuna waliotoka wamelainika, wanalia kwa neno dogo. Kuna waliotoka wagumu, hawalii kabisa, lakini wakiguswa vibaya wanavunjika na kuwajeruhi wengine. Kiongozi anayewapiga wote kwa nyundo moja atapasua wengi.

Je, chuma kilichokuwa kigumu kama kioo kinatupwa? Hapana. Mjomba alinionyesha. Unakisugua mpaka kiwe cheupe, halafu unakirudisha kwenye joto dogo, polepole, mbali kidogo na makaa. Rangi inaanza kutembea juu yake. Kwanza manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kisu unakisimamisha kwenye manjano. Kitu kinachotakiwa kupinda bila kuvunjika unakisimamisha kwenye bluu. Haraka ndiyo inayoharibu. Ukikirudisha chote katika moto mkali, unapoteza kazi.

Kwa yule mzee nilijifunza pia kulehemu kwa fedha na kwa bati, kukata kwa msumeno mwembamba kama uzi, na kupiga shaba kutoka upande wa nyuma ili sura itokee mbele. Nilijifunza kwamba shaba ya manjano ya bomba la maji lililokufa inatoa pete nzuri ya ndoa. Msicheke. Wahamaji pia wanaoa. Nimetengeneza pete nyingi za watu waliofunga ndoa wakiwa na sufuria moja tu.

Siku niliyosema

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya mji. Chumba cha mzee kilikwenda. Baada ya mawe kupoa tulichimba tukapata fuawe na nyundo mbili bila mipini. Tukaanza tena chini ya bati mbili.

Siku moja, katika kazi hiyo ya kuanza tena, nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Papa, mwaka 1993 nilitengeneza bunduki." Nikamweleza yote, na jina la kijiji kile. Mzee aliendelea kusugua pete aliyokuwa nayo. Kisha akaiweka chini, akafunga mlango saa saba mchana, akaenda nyumbani. Siku tatu hakuja. Nilifunga vitu vyangu.

Siku ya nne alikuja na bangili kuukuu ya shaba iliyopinda. Akasema, "Hii ilikuwa ya dada yangu. Alikuwa ameolewa katika kijiji hicho. Ilainishe, uinyooshe, uifanye ndogo, imfae binti yake." Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Niliipasha kivulini mpaka nyekundu ya giza, nikaitia majini, nikaifanya. Ilinichukua siku nzima.

Nilipompa nikasema, "Papa, umenisamehe?" Akajibu, "Sikusema nimesamehe. Sikusema nimesahau. Nasema fungua mlango, watu wanangoja."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine tisa, mpaka alipokufa. Neno la msamaha hakulitamka kamwe. Lakini vyombo vyake aliniachia mimi, na watoto wake walikubali. Ninawaambia ninyi mnaongojea neno kubwa kutoka kwa jirani kwamba huenda halitakuja. Angalieni kama amewafungulia mlango wa kazi. Huko ndiko mahali pa kuanzia.

Wengine waliofanya hivi

Msifikiri kwamba habari hii ni ya fundi mmoja mdogo. Kinshasa kuna msanii mkubwa, Freddy Tsimba, aliyezaliwa mwaka 1967. Alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kile kilichoanzishwa na Bruda Marc Wallenda huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Alipomaliza, mwaka 1989, hakuridhika na shule. Alikwenda kukaa miaka mingine kwa mafundi wa moto, wale wasio na diploma, ili ajifunze kuyeyusha na kulehemu. Baadaye alianza kuokota maganda ya risasi mahali palipopiganwa, akayalehemu moja moja mpaka yakawa miili ya watu, hasa ya wanawake. Alijenga pia nyumba kwa mapanga 999. Mwaka 2018, Tamko la Haki za Binadamu lilipotimiza miaka 70, sanamu yake iliwekwa Chaillot mjini Paris, mahali ambapo tamko lile lilikubaliwa mwaka 1948. Mwone mtu huyo. Alikuwa na shule, lakini alihitaji bado mzee wa kumwambia "angalia rangi".

Msumbiji vita viliisha mwaka 1992, lakini bunduki zilibaki zimezikwa mashambani. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa lilianza kuwaambia watu waziletee ili wapewe majembe, baiskeli na vyerehani. Bunduki zilikatwa vipande, na vipande wakapewa wasanii. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayeitwa Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa bunduki zilizokatwa, na leo kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Katika kiti kile hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Zote zililetwa. Lakini waliokufa walikuwa wa kwao.

Sisi nasi tutazame. Kutoka Rubaya katika Masisi inatoka koltani ya simu za dunia. Kutoka Bisie katika Walikale yanatoka mawe yanayotoa bati, na tangu mwaka 2019 kuna mgodi mkubwa wa mashine. Lakini bati ninalotumia kulehemu hereni ninalinunua dukani likiwa limezungushwa kama uzi, limetoka ng'ambo. Jiwe letu linaondoka, linarudi kwa bei. Mgodi unaweza kufungwa, unaweza kubomoka, unaweza kutekwa asubuhi moja. Mwaka 2025 wengi wenu mliacha nyumba kwa mara ya tatu au ya nne, na turubai pia zikaondolewa. Mlichobeba ni nini? Mtoto, sufuria, na kile mnachojua kufanya. Mali ya mhamaji iko mikononi mwake.

Kiwanda chetu

Leo nina wanafunzi sita. Watatu ni watoto wa familia zilizohama, watatu ni wenyeji. Tunatengeneza majembe, visu vya jikoni, vyuma vya chukudu, pete, bangili na hereni. Mmoja ni msichana mwenye mtoto mgongoni, na katika kazi ya nyaya nyembamba ananizidi mimi.

Nina sheria tatu. Ya kwanza ni ile ya mjomba, kila mtu kwa zamu yake. Ya pili, hakuna silaha inayoingia, hata kwa kutengenezwa mpini. Ya tatu ni ya kazi yenyewe. Kwenye fuawe wanasimama wawili, mmoja anashika koleo na mwingine anapiga nyundo, na sikubali wawili hao watoke kijiji kimoja. Mshika koleo anaweka mkono wake karibu na nyundo ya mwenzake. Mpiga nyundo anakitegemea kile mwenzake anachomwonyesha. Wiki ya kwanza wanaogopana. Mwezi wa tatu wanapiga bila kusemezana. Sijawahi kuwafundisha somo la amani. Nawapa chuma chenye moto.

Mmoja wao aliondoka. Alikwenda msituni na kikundi, akakaa miezi saba. Aliporudi alisimama mlangoni jioni, hakusema kitu. Wenzake walitaka kumwuliza maswali, tena mwenzake wa fuawe alikasirika sana. Nikasema, "Huyu ni chuma kilichotiwa majini. Msimpige sasa." Nikampa mivukuto, kazi ya mtoto, mwezi mzima. Alikuwa kimya, anavuta tu. Siku moja yule mwenzake mwenyewe akamwambia, "Njoo ushike koleo." Leo wako pamoja. Sisemi kwamba kila kitu kimekwisha. Akisikia mlio mkubwa bado anaanguka chini. Lakini anakuja kila asubuhi.

Na kwa wazazi, neno la usalama. Watoto wanaokota maganda ya risasi ili wayauze kwetu. Maganda tupu mengine ni shaba ya manjano. Lakini risasi isiyopigwa, au chuma chochote cha vita msichokijua, msiguse, msikichome, msikilete kwa fundi. Weka alama mbali nacho na mwite kiongozi awaite wanaotegua mabomu. Pia msiyeyushe risasi ya betri za gari karibu na nyumba wala kuifanya vyombo au mapambo. Ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Na bati lililopakwa zinki likichomwa, moshi wake unaumiza mapafu. Mimi nimeupata, najua.

Ninachowaomba

Waheshimiwa viongozi, nawaombeni mambo matatu.

Kwanza, mahali. Kiwanda kidogo kinahitaji kiwanja cha hatua kumi kwa hatua sita. Mtupe karibu na soko, katikati ya wenyeji na waliohama, na mwandike karatasi, ili fundi asifukuzwe siku kazi inapoanza kuleta faranga.

Pili, ulinzi. Mtangaze mbele ya watu wote kwamba katika viwanda vya mafundi hakuna bunduki inayotengenezwa, kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa ajili ya "watoto wetu". Mjomba alikataa peke yake. Kama mwami na wazee wangekuwa wamesema naye, labda yule kijana asingekuja dirishani kwangu. Msimwache fundi akatae peke yake.

Tatu, muda. Mara nyingi tumeona mafunzo ya miezi mitatu, kijana anapewa sanduku la vyombo, na baada ya wiki mbili vyombo viko sokoni. Si kwamba kijana ni mbaya. Hakuwa na mzee wa kumwonyesha rangi. Mnapoongea na mashirika, waombeni walipe mzee akae na vijana mwaka mzima au miwili, hata kama sanduku litakuwa dogo.

Na ninyi wazazi, samaki mkunje angali mbichi. Mwambieni mtoto wenu kwamba ni fundi mzuri, mseme kabla adui hajamwambia dirishani usiku.

Sasa narudi kwa Mwindo, kama nilivyoahidi. Alivaa chuma cha wajomba, akaiteketeza Tubondo, na hata wajomba wenyewe walikufa katika vita vile kabla ya kufufuliwa. Baba yake alikimbilia chini ya ardhi. Mwindo alimfuata, akampata. Je, alimwua? Hapana. Alimrudisha nyumbani. Wakaitwa watu wote katika baraza, na Shemwindo akasimama, akasema makosa yake mbele yao. Mwana akamsamehe baba. Wazee wetu waliimba mwisho huo msituni kabla hatujasikia neno "upatanisho" katika semina yoyote.

Mimi leo nimesimama katika baraza lenu na kusema langu. Kama kuna mtu hapa wa kijiji kile cha ng'ambo ya mto, nitabaki hapa nje mpaka jioni. Aje. Sina mali ya kumlipa, lakini nina mikono, na kama ana jembe lililovunjika, nitaanza na hilo.



Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji au kituo chenu, ni kazi gani zinazofanywa na wenyeji na waliohama pamoja? Ni ipi inaweza kuanzishwa?

2. Mjomba alikataa peke yake. Nani kati yetu anakataa peke yake leo, na tunaweza kumsaidiaje?

3. Mzee sonara hakusema "nimekusamehe", lakini alifungua mlango. Mnaonaje jambo hilo? Linatosha au halitoshi?

4. Kijana akirudi kutoka katika kikundi cha silaha, mwezi wake wa kwanza kijijini uwe wa namna gani?